Jina Lililoitwa Juu ya Kaburi

Habari hii nilipewa na Voahirana mwenyewe, mjukuu wa Bibi Rasoavelo, mwaka ule kimbunga kilipong'oa bati za kanisa la Ambalamahery. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwangu tunachambua mchele. Alieleza polepole, na kila alipofika pahali pagumu aliuweka ungo chini. Wote waliomo nawajua, wengi nimekula nao, kwa hiyo pale aliporuka nimejaza kwa ninalolijua.

Mama yake Voahirana aliitwa Sahondra. Alikuwa mke wa Josefa, mtoto wa pekee wa Bibi Rasoavelo. Alitoka upande wa magharibi wa kijiji, kule bondeni, kwa wale ambao babu zao waliletwa kwa kamba. Utumwa ulikwisha zamani, hata bibi zetu hawakuuona, ila neno lake kwetu halikwisha. Bado tunasema watu safi na watu wasio safi. Asiye safi unasali naye, unavuna naye, unamwita akubebee jiwe. Kaburini humtaki.

Na kaburi kwetu ndiyo nyumba yenyewe. Hizi za udongo tunazolala ni vibanda vya kupitia. Mtu akizikwa nje ya kaburi la ukoo amepotea. Hana wa kumfungulia mlango, hana wa kumtoa juani na kumbadilishia sanda baridi ikimzidi.

Josefa alipomwoa Sahondra, Mzee Rainilaivao hakula harusini. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo, kaka wa marehemu mume wa Bibi Rasoavelo. Alikaa na kofia yake kichwani mpaka wageni wakaondoka. Tangu siku hiyo hakunywa hata maji ya ukoko, yale yanayochemshwa kwenye chungu cha wali, nyumbani kwa Sahondra. Mpunga aliopandikiza Sahondra, huo aliula kila mwaka.

Bibi Rasoavelo naye mwanzoni hakumpenda, si jambo la kuficha. Alimtengea sahani yake na kikombe chake. Halafu majira fulani ya baridi Bibi akashikwa na kifua, na Sahondra akamlalia mgongoni kumpa joto mpaka kukakucha. Asubuhi Bibi alinyoosha mkono akanywa kwenye kile kikombe kilichotengwa. Tangu hapo vikombe vikachanganyika.

Wakawa wanafanya kazi ya hariri pamoja. Kaka zake Sahondra waliokota vifuko vya viwavi wa hariri msituni, Sahondra akachemsha na kusokota, Bibi akafuma. Sanda moja ilitoka nzuri kupita zote, nzito, rangi ya asali. Bibi akaikunja akaitia sandukuni kwake.

"Hii yangu," alisema. "Mkinifunga kwa kitu kingine nitawarudia."

"Mama, na mimi?" Sahondra akamtania.

"Wewe kijana. Subiri zamu yako."

Hakusubiri. Homa ilimchukua msimu wa kupandikiza mpunga, Voahirana akiwa msichana mdogo, ndiyo kwanza anaanza kusuka nywele zake mwenyewe. Msimu ule kaburi halifunguliwi, ni mwiko, mpunga ungekauka. Kwa hiyo Sahondra akazikwa ardhini chini ya mikalitusi, kwa muda. Ndivyo walivyosema wote, kwa muda, hata Rainilaivao alisema, akiangalia kofia yake. Lakini kabla hajakata roho Sahondra alikuwa amemshika mama mkwe wake kifundo cha mkono.

"Mama, usiniache huko chini na baridi peke yangu."

"Sikuachi."

Hilo tu. Lakini Bibi Rasoavelo akisema neno alikuwa halirudishi, hata kama amemwambia kuku.

Miaka ikapita. Josefa, kwa majonzi yake, akaingia kanisa la uamsho, akavalishwa kanzu nyeupe, akawa mmoja wa wale wanaowawekea wagonjwa mikono na kukemea mashetani. Kanisa lake linasema kugeuza wafu, yaani kuwatoa kaburini na kuwabadilishia sanda, ni kuabudu mifupa. Rainilaivao alibaki kanisa la zamani, shemasi, kiti cha mbele. Kanisa la zamani husema sisi sote ni ndugu, na kuhusu makaburi hukaa kimya.

Kisha majira ya baridi yakaja, mavuno yakiwa mazuri, na mnajimu akataja siku njema ya kufungua. Ukoo ukaitwa nyumbani kwa Rainilaivao kupanga nani atatolewa. Wanaume wakakaa upande wa juu kwenye mkeka, Bibi Rasoavelo karibu yao kwa sababu ya umri wake, Voahirana akipitisha birika. Josefa alisimama mlangoni na kanzu yake, hakutaka kuketi kwenye shauri hilo wala hakutaka kuondoka.

Rainilaivao akawataja kwa vidole. Baba yake, mama yake, shangazi zake, mtoto aliyekufa kwa surua. "Na mdogo wangu, baba yake Josefa. Hao ndio wetu."

"Na Sahondra," akasema Bibi Rasoavelo.

Mzee akakohoa. "Shemeji, leo hatuzungumzi mambo ya bondeni."

"Mimi nazungumza mambo ya nyumbani kwangu. Mkwe wangu yuko chini ya mikalitusi kwa muda. Nauliza, muda gani huo?"

"Watu wake wana pao."

"Watu wake sisi. Huyu aliyekumiminia maji katoka tumboni mwa nani?"

Mzee akamtazama Voahirana kama unavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeingia bustanini. "Na habari ya huyo nayo itajadiliwa siku yake ikifika."

Voahirana aliniambia, "Nilikuwa nimeshika birika, nikajua leo nimefukuzwa kaburini na hata kufa bado."

Bibi Rasoavelo aliona uso wa mjukuu wake. Akavuta shuka lake begani.

"Rainilaivao, Jumapili unakunywa kikombe kimoja na Lambo. Nimekuona. Unafuta kwa kitambaa, unakunywa." Lambo ndiye kaka mkubwa wa Sahondra.

"Kanisani ni kwa Mungu," Mzee akajibu. "Kaburi ni la baba yangu."

Alikuwa amesema lile ambalo wote hulifikiri na hakuna anayelitamka. Naye hakulisema kwa ubaya. Aliendelea kwa sauti ya chini. "Huu mwiko si mimi niliyeuweka, shemeji. Nilikabidhiwa mlango nikaambiwa ushike hivi. Nikimwingiza, siku nitakayofika mimi mle ndani nitawaambia nini?"

"Waambie nimekulazimisha."

Kuna aliyecheka, akageuza cheko kuwa kikohozi.

Josefa akasema kutoka mlangoni, "Mama, mwache Mzee. Sahondra yuko kwa Bwana. Kule chini ni mifupa tu."

"Mifupa tu?"

"Mifupa tu, Mama."

"Hata mimi nimebaki mifupa tu, na kila asubuhi unakuja kuniamkia." Akainuka kwa fimbo yake. "Mmoja ananiambia mwenzangu si safi, mwingine ananiambia si kitu. Haya. Nimewasikia wote wawili. Voahirana, tupa hayo maji, twende."

Kwetu, jioni ya kuamkia siku yenyewe, watu hupanda kaburini kuwaita wafu. Mkubwa wa ukoo husimama juu ya paa la jiwe, humwaga pombe ya miwa kidogo, huwaita kwa majina: fulani, kesho tunakuja kukuchukua, usiende mbali. Jina likishaitwa pale juu limeitwa. Maiti amealikwa. Ukimwalika halafu usimpokee atakaa mlangoni, na nyumba nzima itaumwa. Hilo hata mtoto analijua, na hata Josefa na kanzu yake alilijua.

Rainilaivao aliita majina yake, kofia mkononi, sauti imara. Alipofika kwa mdogo wake akasimama, kwa sababu mume huitwa na mjane wake akiwa hai. Ni heshima yake, hakuna wa kumnyima. Wakamshika Bibi Rasoavelo mikono miwili wakampandisha. Akamwaga pombe. Upepo ulikuwa mkali ukipeperusha shuka lake.

"Baba Josefa!" akaita. "Kesho tunakuja. Usiende mbali, nina neno na wewe."

Watu wakacheka, maana hata alipokuwa hai alikuwa akimwita hivyohivyo. Walikuwa bado wanacheka alipogeukia magharibi, kwenye mikalitusi, akamwaga pombe yote iliyobaki chupani.

"Sahondra! Mama Voahirana! Kesho tunakuja kukuchukua. Njoo nyumbani, mwanangu. Usiende mbali!"

Cheko likakatika.

"Mshusheni!" Rainilaivao akapiga kelele. "Mshusheni huyo mwanamke!"

"Nishusheni tu," akasema Bibi. "Nimemaliza."

"Umefanya nini, shemeji? Umefanya nini?"

"Nimeita watu wa nyumba yangu. Nyinyi mmeita wenu."

Mnajimu aliulizwa palepale kama jina laweza kurudishwa. Alikuna kidevu, akasema yeye kazi yake ni siku na saa, majina hayamhusu. Akashuka kilima kwa haraka.

Siku ya pili ilianza kwa jua zuri la baridi. Filimbi na ngoma tangu asubuhi, watu wa vijiji vyote, wali chungu baada ya chungu na nyama inayoelea kwenye mafuta mpaka yanashuka viwikoni. Ndugu zake Sahondra, Lambo na wadogo zake, walifika mapema na majembe kufukua mlango. Hiyo ndiyo kazi yao tangu babu zao. Mtu safi hagusi jiwe la mlango wa kaburi. Watu wasio safi ndio wanaolivuta, wanaingia na taa, wanawabeba wafu mgongoni kuwatoa nje, na jioni wanawarudisha na kulisukuma jiwe. Kila rafu ya kulazia wafu mle ndani Lambo aliijua kwa kupapasa. Kulala humo ndiko kulikokuwa mwiko kwake.

Wanawake wakaketi safu moja kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, na wafu wakawekwa mapajani mwao kama watoto. Baba Josefa akawekwa kwa mjane wake. Bibi Rasoavelo akamfungua taratibu, akamfunika kwa sanda mpya aliyoletewa na shemeji zake, akafunga mafundo, huku akimnong'oneza. Voahirana alikuwa pembeni yake akasikia baadhi. Alikuwa akimpa habari za ng'ombe aliyekufa, na bei ya chumvi, na kwamba Josefa amenenepa. Mwisho akamwambia, "Leo utanisaidia. Zamani hukunisaidia sana, lakini leo utanisaidia." Kisha akamnong'oneza Voahirana sikioni naye. Voahirana akainuka.

Watu walicheza na wafu wao mabegani, wakalia kidogo, wakacheka sana, wakanywa. Jua likapita kichwani. Wakati wageni wamezama kwenye wali, Lambo na wadogo zake hawakuonekana, na hakuna aliyewauliza, maana kwenye karamu watu wa bondeni hukaa mbali.

Walionekana wakipanda kilima kutoka upande wa mikalitusi. Voahirana yuko mbele, ameshika picha ya mama yake kifuani kwa mikono miwili. Nyuma yake Lambo na wadogo zake na mkeka mabegani, na juu ya mkeka ile sanda ya rangi ya asali iliyotoka sandukuni.

Filimbi ikasita. Ngoma ikapiga mara mbili za bure, ikanyamaza.

Rainilaivao akajiweka katikati ya njia. "Lambo. Rudisha."

Lambo akasimama. Ni mtu mkubwa, mpole, huongea kama anayeomba moto wa kuwashia. "Mzee, ameitwa."

"Rudisha nimesema!"

"Ameitwa juu ya kaburi. Watu wote wamesikia. Mimi namleta tu."

Mzee akageuka akamwendea Bibi Rasoavelo pale mkekani. "Shemeji, jua linashuka. Mpe Lambo mume wako aingizwe, tufunge, tumalize kwa heshima. Yule arudi alikotoka."

Bibi Rasoavelo akakunja mikono yake kuzunguka kile kifurushi mapajani, akaufunga mkono juu ya mkono.

"Huyu haingii," akasema.

"Nini?"

"Baba Josefa haingii mpaka Sahondra aingie. Nitakaa naye hapahapa."

Hapo ndipo watu walipoelewa. Maiti aliyetolewa lazima arudi ndani kabla jua halijazama. Akikutwa na giza nje, hiyo ni laana isiyo na jina kwetu. Na huwezi kumnyang'anya mjane mume wake mapajani. Mifupa ile ya miaka mingi, ukiivuta inamwagika. Nani angethubutu? Vijana wawili wa ukoo walisogea, wakamtazama, wakarudi nyuma.

"Sogeeni," Bibi akawaambia. "Vuteni basi. Mtaokota babu yenu kwenye nyasi mpaka kesho."

"Rasoavelo, umerukwa na akili!"

"Umeniita jina, Rainilaivao. Siku zote shemeji, shemeji. Leo tumefahamiana."

Mzee akawageukia watu wa mlango. "Lambo! Mtueni huyo hapo chini. Waingizeni wengine, tufunge mlango. Huyu mama akitaka kukaa na laana, akae."

Lambo na wadogo zake walimlaza dada yao kwenye nyasi, taratibu, karibu na mlango. Kisha Lambo akalichukua jembe lake, akaliweka chini, akaketi juu ya mpini. Wadogo zake wakaketi.

"Mzee, nisamehe. Mgongo umechoka."

"Umechoka?"

"Umechoka sana. Babu yangu alimbeba babu yako kuingia humu. Baba yangu akambeba baba yako. Mimi nimembeba huyo mdogo wako, na asubuhi nimemtoa. Dada yangu mmoja nimembeba, nimeambiwa hapana. Basi mgongo ukachoka palepale."

"Vijana!" Mzee akaita ukoo wake. "Waingizeni wenyewe!"

Hakuna aliyesogea. Nani aliwahi kuingia mle? Nani anajua rafu ya nani iko wapi kwenye giza, au jiwe lile linakamatwa upande gani? Na juu ya yote, mtu safi hagusi lile jiwe. Mwiko ule aliokabidhiwa Mzee ndio uliokuwa umewafunga mikono.

Jua likashuka. Kivuli cha kaburi kikafika kwenye mikeka, na wanawake wenye wafu mapajani wakaanza kutazamana. Mmoja akaanza kulia. "Jamani, mama yangu atabaki nje! Mzee, mama yangu atabaki nje!"

Rainilaivao akapiga magoti mbele ya Bibi Rasoavelo. Mzee yule, mbele za watu. "Shemeji. Tusikilizane. Nitamweka kando ya mlango. Ndani, lakini kando ya mlango. Pale chini."

"Pale mnapoweka majembe?"

"Ni ndani, shemeji!"

"Sahondra hakuwa jembe."

"Basi nafasi haipo! Rafu ya wake wa nyumba yako imejaa, imebaki yako peke yake!"

"Ndiyo hiyo. Mpe yangu."

"Na wewe utalala wapi?"

"Juu yake. Aliwahi kunilalia mgongoni nikaamka mzima. Na mimi nitamlalia."

Mzee akafunika uso kwa kofia yake. Nyuma yake, kwenye mkeka, baba yake mwenyewe alikuwa amelala katika sanda mpya, na kivuli kimeshamfika. Alipoishusha kofia alikuwa amezeeka.

"Mwingizeni," akasema. "Mwingizeni huyo wenu. Lakini nasema mbele ya wote: mimi humo siingii tena. Nikifa nichimbieni pengine."

"Hilo la kwako," akasema Bibi Rasoavelo. "Mimi sikufukuzi. Mlango utakuwa wazi."

Lambo akainuka, na mgongo wake ukawa umepona. Wakawaingiza wafu mmoja mmoja kwa haraka, filimbi zikirudi. Walipobaki Sahondra na Baba Josefa peke yao, Lambo akasema mkeka wa dada yake umechanika upande wa kichwa, anataka mtu wa kushika hapo. Akamtazama Josefa.

Josefa alikuwa amesimama nje ya mikeka kutwa nzima. Hakula, hakucheza. Kanisa lake lilikuwa limewaambia wazi: atakayemgusa maiti siku hiyo asirudi na kanzu.

"Mama," akasema, "unajua siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Unajua kwa nini."

"Ulisema ni mifupa tu. Kama ni mifupa tu, unaogopa nini? Kama si mifupa tu, unamwacha vipi?" Sauti yake ilikuwa kavu, hakumbembeleza. "Mimi siombi uabudu kitu. Naomba umshike mke wako kichwa, asigonge jiwe."

Voahirana anasema aliona baba yake akitafuna midomo kama mtoto. Kisha akaivua ile kanzu nyeupe kupitia kichwani, akaikunja vizuri, mara nne, kama alivyofundishwa na Sahondra kukunja nguo, akaiweka juu ya jiwe. Akainama akamshika mke wake upande wa kichwa, akaingia naye chini.

Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka nyusini. Kanzu ile hakuivaa tena. Kama walimvua wenzake wa kanisani au aliiacha mwenyewe, mimi sikuuliza.

Ndipo Bibi Rasoavelo akafungua mikono. "Haya, mchukueni," akamwambia Lambo. "Asante, Baba Josefa. Nenda kalale." Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ilibidi Voahirana na mwingine wamwinue. Jiwe lilisukumwa jua likiwa bado limebakiza ukucha juu ya kilima.

Nusu ya ukoo iliondoka bila kuaga. Mwanamke mmoja alipita akatema mate karibu na miguu ya Bibi, akasema, "Umeichafua nyumba ya wazee wetu."

"Mpunga alioupanda umekaa tumboni mwako miaka yote hiyo," Bibi akamjibu, "na bado unatembea vizuri."

Nyumbani wakaketi uani, watu wa Lambo na wale wa ukoo waliobaki, wakala kwenye chungu kimoja. Wengine walikula macho yakiwa chini. Hata hivyo walikula. Bibi akakata ile nyama ya mkubwa, ya nyonga ya ng'ombe, inayopelekwa kwa mkuu wa ukoo kwa heshima. Akaifunika kwa jani la mgomba.

"Mpelekee babu yako," akamwambia Voahirana.

"Bibi! Huyo aliyesema habari yangu itajadiliwa?"

"Huyohuyo. Ni mkubwa, na hii ni ya mkubwa. Mimi sivunji desturi. Umesikia nani amesema mimi navunja desturi?"

Voahirana akaipeleka. Alikuta mlango umefungwa, akabisha. Ukafunguliwa kidogo. Mzee akaitazama sahani, akamtazama yeye.

"Nani kakutuma?"

"Bibi yangu."

"Mwambie sina njaa."

Mlango ukafungwa. Voahirana akarudi na sahani kwa hasira. "Ameikataa, Bibi. Tuwape mbwa!"

"Iweke pale juu, paka asiifikie. Kesho utaipasha moto umpelekee tena."

"Akikataa tena?"

"Utampelekea tena. Mimi nina kuni nyingi."

Wageni wakatawanyika. Lambo aliaga mlangoni, kofia mkononi, na Bibi akamwambia aingie anywe maji ya ukoko kwanza, akamimina kwenye kikombe chake mwenyewe. Akanywa, akaenda. Josefa alijilaza pembeni ya meko na nguo zilezile zenye vumbi, akalala mara moja, mdomo wazi.

Bibi Rasoavelo alikaa kitandani akisugua mapaja yake.

"Yanauma, Bibi?"

"Babu yako hakuwa mwepesi hata alipokuwa hai." Akajiegemeza. Halafu akasema, "Voahirana. Sandukuni hamna kitu sasa. Kesho nenda kwa mjomba wako ukamwombe vifuko vya hariri. Nitakufundisha kusokota. Sanda yangu utaisokota wewe."

"Na yangu, Bibi?"

"Yako itakuwa ya mwisho. Rafu ipo. Ni ileile yangu, mjomba wako anasema imebaki nafasi pembeni ya mama yako, na yeyote atakayekuambia haipo, mwambie aje kuniuliza."

Akageukia ukutani akaanza kukoroma. Voahirana alifunika makaa kwa majivu, akaisogeza sahani ya Mzee juu zaidi kwa sababu ya paka, akajilaza nyuma ya bibi yake, mgongo kwa mgongo, kwa ajili ya baridi. Aliwaza kidogo habari ya hariri, vifuko vinachemshwaje na nani atamshikia uzi. Hakufika mbali. Usingizi ukamchukua.